Nyimbo Sita kwa Gitaa Moja: Shajara ya Kurekodi

11 Januari 2025

Nimeanza rasmi leo. Nimepiga gitaa la solo kwenye bendi za dansi Dar es Salaam kwa miaka ishirini na mbili, na kwa muda wote huo nimerekodi kazi za watu wengine: waimbaji, kwaya za kanisani, matangazo ya redio. Sasa ni zamu ya tungo zangu mwenyewe. Nyimbo ni sita na kila moja ina mtindo wake: dansi, benga, gitaa kavu la vidole kama walivyopiga watu wa Katanga kule Kongo, taarabu, bongo fleva na singeli.

Vifaa ndivyo hivi: gitaa langu la umeme nililonalo tangu nikiwa kijana, ampu ya kukuzia sauti ya wati 15, gitaa kavu la kuazima kwa binamu yangu wa Mbagala, na seti tano za nyuzi namba 10 nilizonunua Kariakoo. Studio nimepata kwa rafiki, shilingi 40,000 kwa saa. Kijana anayeendesha mitambo amenishauri nipige magitaa yote matatu mwenyewe: solo linaloongoza, sekondi linalolijibu na rizim linaloshika mapigo. "Kaka, wewe solo unapiga, sekondi unapiga, rizim unapiga. Ya nini kulipa watu? Tunapanga moja juu ya nyingine." Nimehesabu hela yangu, nikaona anasema kweli.

18 Januari

Wimbo wa dansi. Saa sita studio. Nimeanza na rizim nikifuata mlio wa kompyuta unaohesabu mapigo masikioni, kisha nikaweka sekondi solo, mwisho nikaweka solo. Hakuna noti iliyokosewa. Kijana wa mitambo amefurahi sana kwa sababu kila pigo limekaa kwenye mstari wake.

Nimesikiliza mara nne kwenye daladala nikirudi nyumbani, na mara mbili tena nimelala kitandani. Kuna kitu kimekufa humo ndani.

20 Januari

Nimeshagundua ni nini. Kwenye dansi magitaa matatu ni watu watatu wanaozungumza. Solo anasema neno, sekondi anamdaka kabla hajamaliza, na rizim anawawekea sakafu ya kusimama. Mimi juzi nilianza na rizim na sekondi, solo ikaja mwisho. Maana yake jibu lilirekodiwa saa tatu kabla ya swali. Nilipofika kwenye solo nilikuwa nabuni maswali ya kutoshea majibu ambayo tayari yapo. Msikilizaji hawezi kukueleza kasoro iko wapi, ila mguu wake hautatikisika.

Usiku nimekaa na rekodi za zamani za Radio Tanzania, zile za bendi ya NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, na za bendi ya Mlimani Park iliyokuja mwaka 1978. Bendi nzima iliingia chumba kimoja, utepe unazunguka, wote wanapiga kwa pamoja. Tumba akikosea, wote mnarudi mwanzo. Watu wengi wanasikitikia vifaa duni vya wakati ule. Mimi naona chumba kimoja ndicho kilichofanya kazi kubwa. Unasikia solo likipungua sauti kumpisha mwimbaji, na hakuna fundi aliyelipunguza. Ni mpigaji mwenyewe amelegeza mkono.

25 Januari

Nimekwenda Tandika kumwona mzee aliyenifundisha kazi. Alipiga rizim kwenye bendi kubwa za mji huu na sasa ana miaka sabini na kitu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

Nimemwekea wimbo kwenye simu. Ameiweka sikioni, amefumba macho, ameisikiliza mpaka mwisho bila kusema lolote. Halafu ameirudisha.

"Huyu wa rizim anajua wimbo unaishia wapi."

"Ni mimi huyo, mzee."

"Sasa? Rizim hatakiwi kujua. Anakufuata huku anaogopa utampoteza. Ile hofu ndogo ndiyo inayochezesha watu."

Nimemwomba aje studio. Amesema vidole vimekakamaa asubuhi, lakini mchana vinafunguka. Tumepanga saa nane.

8 Februari

Hii ndiyo siku niliyoingoja. Tumefuta yote ya Januari, saa sita zote za studio, na sijutii.

Chumba ni kidogo, kwa hiyo kazi kubwa imekuwa kuzuia sauti ya mmoja isimwagike kwenye maiki ya mwingine. Ampu yangu tumeitoa kwenye korido, mlango umefungwa, waya umepita chini. Ampu ya mzee tumeisukuma kona na kuisimamishia godoro mbele. Mpiga tumba amekaa nyuma ya kabati la nguo tulilolivuta kutoka chumba cha pili. Sekondi solo amepiga dada mmoja anayepiga kanisani Temeke, mkono wake mwepesi sana, na yeye tumemchomeka moja kwa moja kwenye mitambo bila ampu. Tumekaa duara ili tuonane macho. Kwenye hili sikukubali mjadala: mpigaji wa dansi anasoma bega la mwenzake.

Mlio wa kompyuta tumeuzima. Baadaye kijana wa mitambo amepima, akaona tumeanza mapigo 112 kwa dakika na kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezesha watu, tumefika 118. Amenyoosha mkono kutaka kuyanyoosha mapigo yalingane. Nimemzuia. Chemko maana yake ni kuchemka, na maji hayachemki kwa joto la mwanzo.

Tumepiga mara tano, ya tatu ndiyo tuliyoichukua. Dakika ya nne mimi nimeingia na kishada kipya, yaani kifungu kifupi cha noti, mapigo mawili kabla ya wakati. Mzee hakushtuka. Amerudia mzunguko wake mara moja zaidi, amenisubiri, na yule dada akazijaza zile pigo mbili zilizobaki kwa noti tatu za juu ambazo hakuwahi kuzipiga mazoezini. Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote kwenye wimbo. Ingekuwa kompyuta, kosa langu lingekatwa, na zile noti tatu zisingezaliwa.

16 Februari

Benga. Nimempata kijana kutoka Musoma, anapiga besi na ameimba benga tangu utotoni. Watu huku Dar wakisikia benga wanafikiri Kenya tu, lakini D. O. Misiani aliyeubeba mtindo huu na bendi yake ya Shirati Jazz alizaliwa Shirati, upande wetu wa mpaka, mwaka 1940. Sauti ya solo ya benga imetoka kwenye nyatiti, chombo cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Ndiyo sababu hupigi kodi nzito, zile noti nyingi kwa pamoja. Unapiga noti moja moja, kavu, haraka, pembe ya kiganja imegusa nyuzi karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapofungwa, ili zisivume.

Ugumu nilioupata haukuwa kwenye vidole, ulikuwa kwenye lugha. Solo la benga linatembea sambamba na maneno ya mwimbaji, na Kijaluo ni lugha ya toni, sauti inapanda na kushuka ndani ya neno lenyewe. Mimi nimetunga kwa Kiswahili, ambacho mkazo wake unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kishada nilichokariri kilikuwa kinapanda pale neno langu linaposhuka, kama mtu anayetikisa kichwa kukataa huku mdomo unasema ndiyo. Tumekaa na kijana saa nzima bila kurekodi, yeye anasema mstari kwa kuzungumza tu, mimi naufuata kwa gitaa, mpaka mwisho wa kila kishada ukaja na noti ya pili kutoka mwisho imekazwa. Hapo ndipo benga ikakubali kusema Kiswahili changu.

Tumerekodi tumetazamana, besi imepandishwa juu sana. Kwenye benga besi haijifichi.

1 Machi

Gitaa kavu. Wimbo huu nimeurekodi peke yangu, na ndivyo unavyotaka.

Nimeutunga nikimfikiria mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alimrekodi huko Katanga mwaka 1952, mtu mmoja na gitaa moja, akiimba Kiswahili cha kwao. Alitumia dole gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene kama mtu anayerudi kazini jioni, shahada inacheza juu yake kama mtoto aliyetumwa kumpokea. Mazungumzo yapo, ila yako ndani ya mkono mmoja. Ndiyo maana hapa sikumhitaji mtu wa pili. Kwa miezi miwili nimekuwa nafanya mazoezi ya gumba peke yake, nusu saa kila asubuhi kabla ya chai, kwa sababu mkono wangu umezoea kipiki cha kukwaruzia nyuzi na gumba langu lilikuwa limelala.

Studio haikufaa. Nimerekodi nyumbani saa tisa usiku, wakati bodaboda zimetulia. Maiki moja tu. Mwanzo niliielekeza kwenye tundu la gitaa, sauti ikavimba, kila noti ya chini inanguruma. Nimeisogeza mpaka pale shingo inapokutana na mwili, umbali wa shubiri moja na nusu, na sauti ya mbao ikatoka. Mara ya nne mvua ikaanza kwenye bati. Nimengoja dakika arobaini. Mara ya saba nimepiga mpaka mwisho, na ukisikiliza kwa makini utasikia tone moja moja likidondoka kwenye ndoo nje. Nimeliacha.

14 Machi

Ramadhani imeingia, taarabu itasubiri mpaka baada ya Idi. Nimeenda Sinza kwa produsa wa bongo fleva, bwana mdogo wa miaka ishirini na nne.

Nimepiga kwa dakika tatu nzima juu ya biti yake. Amesikiliza, amekata baa nne, sekunde kumi tu, akazizungusha wimbo mzima. Nakiri nimeumia. Zimebaki sekunde kumi za kazi yangu ikijirudia, na tena amefuta sauti zote za chini za gitaa mpaka likabaki jembamba kama uzi wa kushonea.

Kisha akaniita nikae kwenye kiti chake. "Brother, sikiliza kiki na besi." Akarudisha gitaa langu lilivyokuwa, nene na zima. Kiki, ile ngoma nzito ya chini, ikazama. Akalikata tena, kiki ikasimama, na sauti ya mwimbaji ikapata pa kukaa. Akaniomba nipige upya, noti sita badala ya kumi na nane. Nimepiga. Sasa ninaelewa kwamba yeye hapangi mazungumzo ya watu kama sisi. Anajenga ukuta, na anahitaji tofali moja lenye pembe zilizonyooka. Hapa kurekodi kipande kwa kipande ndiyo sanaa yenyewe, na huyu bwana mdogo anaijua vizuri. Nimetoka kwake saa moja jioni, watu wakiwa wanafuturu, na hizo noti sita hazijatoka kichwani.

21 Machi

Habari mbaya. Diski ya studio niliyorekodia benga imeharibika na hakukuwa na nakala. Wimbo wa dansi umepona kwa sababu nilikuwa nimeuchukua kwenye simu kwa ubora kamili ili nimpelekee mzee. Benga imekwenda yote, solo, besi na sauti. Kijana amesharudi Musoma tangu mwisho wa Februari. Kilichobaki ni sekunde hamsini za mazoezi, alizochukua mpiga tumba kwa simu yake.

Nimekasirika siku mbili. Leo nimenunua diski mbili ndogo, zinakaa kwenye begi la gitaa. Kuanzia sasa sitoki studio bila kubeba kazi ya siku hiyo.

12 Aprili

Unguja. Nimevuka na boti ya asubuhi, gitaa mapajani safari nzima.

Zanzibar taarabu ina mizizi mirefu. Klabu ya Ikhwani Safaa imekuwepo tangu mwaka 1905. Gitaa la umeme si mgeni kabisa kwenye taarabu, kikundi cha Black Star cha Tanga kilishaliingiza tangu zamani, na taarabu ya kisasa haiendi bila kinanda na gitaa. Lakini mimi nilitaka kukaa na udi, vyombo viwili tu na mwimbaji.

Maalim aliyenipokea Mji Mkongwe amepiga udi tangu ujana wake. Tulianza na hijazi, mojawapo ya makamu, yaani mipangilio ya sauti ya taarabu, na mambo yakaenda vizuri, vituo vyake ninavipata kwenye gitaa. Kisha akasema wimbo wangu, jinsi maneno yake yalivyo, unataka makamu nyingine, rasti. Hapo nikakwama. Sauti ya tatu ya rasti inakaa katikati, si ile ya furaha na si ile ya huzuni, na gitaa lina vyuma vilivyogawanya shingo. Chuma hiki kinatoa sauti ya chini, kinachofuata kinatoa ya juu, katikati hakuna kitu. Udi hauna vyuma, kidole kinatua popote.

Nilijaribu kuuvuta uzi wa tatu kutoka chuma cha chini, kidogo tu, nusu ya nusu. Mara nyingine nilipatia. Mara nyingi nilipita, na nikipita sauti inakuwa chungu kama ndimu kwenye jeraha. Nilirudia zaidi ya saa moja mpaka ncha ya kidole ikawaka moto. Maalim alikuwa kimya, anakunywa kahawa. Halafu akaweka kikombe chini.

"Hiyo n'achie miye, bwana. We piga zilobaki."

Nikapiga mstari wote nikiiruka ile sauti ya tatu, na kila nilipoiruka yeye akaiweka. Wimbo ukafunguka. Gitaa linafika mlangoni, udi unaingia. Nimepiga gitaa miaka yote hii nikidhani kazi yangu ni kuzipata sauti zote.

Tumerekodi kwenye chumba cha juu, dirisha wazi kwa ajili ya joto. Adhana ya alasiri ikatukuta katikati ya mara ya pili, tukaacha, wenyewe wakaenda kuswali, tukaendelea saa kumi na nusu. Mara ya pili baada ya swala ndiyo iliyopita. Nimetoa nakala mbili nikiwa bado kwenye ngazi.

4 Mei

Singeli, Manzese. Kwa kifupi kwa sababu imekwenda haraka kama muziki wenyewe: mapigo ni zaidi ya 200 kwa dakika, na mkono wangu wa kulia uliganda dakika ya kwanza. DJ kijana akaniambia nihesabu nusu yake, pigo moja kwa kila mawili. Nikahesabu hivyo, na mara nikajikuta napiga rizim ileile ya mzee wa Tandika, taratibu, huku mashine inakimbia juu yake. Tumemaliza kwa saa moja na nusu, pamoja na kungoja umeme urudi.

24 Mei

Kuchanganya sauti. Kwenye wimbo wa dansi kuna mngurumo wa chini kutoka ampu yangu, ule wa umeme wa hezi 50. Nilipokuwa napiga hausikiki. Nikinyamaza unasikika. Kijana wa mitambo aliukata, ukaondoka na unene wote wa nyuzi za chini. Nimemwomba aurudishe na aushushe pale tu nisipopiga. Amefanya kwa mkono, pengo moja la ukimya baada ya jingine, karibu sitini. Nimemnunulia chakula cha mchana na nimemlipa saa mbili za ziada, alistahili.

Nilimwekea mzee wa rizim nyimbo zote tano. Ya bongo fleva ameirudia. Ameuliza zile noti sita nimezitoa wapi.

13 Juni

Nipo Musoma. Studio haikupatikana, tumetumia sebule ya dada yake yule kijana, karibu na ziwa. Mapazia mazito, mikeka sakafuni, kuku wamehamishwa kwa jirani. Nimekuja na diski mbili, kompyuta na maiki mbili.

Nilikuwa na hofu kwamba tutajaribu kuiga ile iliyopotea. Tulisikiliza zile sekunde hamsini mara moja tu, kijana akazima simu. Tumeanza upya. Safari hii yuko nyumbani kwao na ameimba tofauti, ubeti wa pili ameutia maneno mawili ya Kijaluo ambayo Dar hakuyasema. Gitaa langu halikuwa na kishada cha maneno hayo. Nilinyamaza mara ya kwanza. Mara ya pili nikayafuata, yalipopanda nikapanda, yaliposhuka nikashuka.

Mara nne zimechukuliwa. Ya pili ni nzuri, ya nne ina besi bora zaidi, na siwezi kuziunga kwa sababu kasi zimepishana. Shangazi yake kijana alikuwa mlangoni muda wote na mtoto mgongoni. Tulipouliza, akasema ya pili.

Nakala tatu: diski mbili, na moja imebaki kwenye kompyuta ya kijana. Basi langu ni kesho saa kumi na mbili asubuhi. Usiku huu tunarudia kiitikio tu, majirani wawili wamesema watakuja kuitikia.